Sanduku Letu na Mtaa Wetu: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi





Awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili, nakushukuru wewe Mheshimiwa Mgeni Rasmi kwa kukubali kuja kukaa na sisi hapa chini ya turubai, na njia yenyewe ya kufikia hapa umeiona ilivyo.

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, nililomaliza mwaka 1984. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu kwa usiku tatu, na katibu wetu akanisahihishia herufi. Kwa hiyo mkisikia mahali pamepinda, mpanyooshe wenyewe kimoyomoyo, tusonge mbele.

Wenzangu walitaka nieleze tumeweka akiba kiasi gani na tumekopeshana kiasi gani kwa miaka kumi. Hesabu hizo atazisoma mweka hazina, ndiyo kazi yake, na anaijua kuliko mimi. Mimi nataka nizungumze habari ya sanduku letu na mtaa wetu, yaani jinsi akina mama waliokuwa wanaweka elfu moja moja walivyojikuta wamo kwenye mitaro, taka, kivuko na mikutano ya mtaa. Na humo ndani nitaeleza kosa langu mimi mwenyewe, maana kitabu cha miaka kumi kisichokuwa na kosa hata moja kitakuwa kitabu cha uongo.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza Februari 2015, uani kwa mwenzetu mmoja, chini ya mwembe ambao sasa haupo. Tulikuwa kumi na saba. Wengi wetu tulikuwa tumetoka kwenye upatu, na upatu wenyewe ulituachia makovu, maana mtu alipokea zamu yake ya kwanza akahama usiku na watoto na vyombo. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna aliyemwamini mwenzake. Nasema kweli, tulitazamana kama watu waliokutana kituo cha basi.

Aliyetufundisha mtindo huu wa vikoba alituambia asili yake ni kwa akina mama wa Niger, huko Afrika Magharibi, walioanza kuweka akiba namna hii mwaka 1991. Akatuonyesha sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na halifunguliwi isipokuwa mbele ya mkutano. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu anasikia, na kabla ya kufunga kila mtu anaulizwa, tumeacha shilingi ngapi? Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, tunaulizwa tena, tuliacha ngapi? Mtu asiyejua kusoma anakumbuka kwa kichwa, na huyo ndiye mkaguzi wetu mkali kuliko wote.

Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Kando ya hisa, kila mmoja aliweka shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii. Mfuko huo haukopeshwi kwa biashara. Ni wa msiba, ugonjwa na ajali. Naomba mlishike hilo neno la mfuko wa jamii, tutarudi kwake. Mwaka wa pili tulifika thelathini, na ndipo tulipofunga mlango.

KIPINDUPINDU NA MTARO

Hatukukusudia kuingia kwenye mambo ya mtaa. Tuliingizwa na kipindupindu.

Mtakumbuka Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa kwetu wilaya ya Kinondoni, kikaenea Dar es Salaam, kisha kikatapakaa mikoa mingine. Mtaa wetu uko bondeni, mitaro yetu inamwaga mto Ng'ombe. Mtaro mkubwa ulikuwa umeziba kwa mifuko, nepi na mabaki ya magenge. Maji machafu yakasimama mbele ya milango, na vyoo vingine vilikuwa vimejaa vikitiririsha humo humo. Katika wiki tatu mfuko wa jamii ulitoa pesa za wagonjwa mara nne, na mara ya tano tulitoa za sanda.

Kwenye mkutano uliofuata mwenzetu mmoja anayeuza mihogo akasema, "Jamani, sisi tunaweka pesa huku na mtaro unazitoa kule. Tunalisha mtaro." Hakuna aliyemjibu, maana lilikuwa kweli. Jumamosi yake tukatoka na machepe, makarai na kandambili. Vijana wa kijiweni wakatucheka, wakatuita wanawake wa sanduku. Jina likatuganda mpaka leo.

Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule, Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Magufuli, alifuta gwaride la Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi. Siku hiyo mtaa mzima ulitoka, hata waliotucheka. Tukazoa mpaka mchana. Lakini taka tulizozoa tuliziweka wapi? Kando ya mtaro. Ikanyesha mvua siku mbili, zote zikarudi ndani. Hapo tukajifunza kwamba kuzoa ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kuziondoa zisionekane tena.

Tukakubaliana na ofisi ya mtaa tukodi guta mbili za kupeleka taka mpaka pale gari la manispaa linapofika. Kila nyumba shilingi 500 kwa wiki. Akina mama wawili wa kikundi wakawa wanapita na daftari, anayelipa anaandikiwa na anapewa kipande cha risiti chenye muhuri. Siku za mwanzo watu walitoa kwa kununa. Baada ya miezi mitatu, mtu akipitwa na guta anakuja mwenyewe kuuliza, mbona jana hamkupita kwangu na nimelipa? Tulifurahi, maana mwenye risiti mkononi ana haki ya kudai.

KIVUKO, NA KOSA LANGU

Sasa nafika mahali pagumu.

Kwenye mtaro mkubwa kulikuwa na mbao mbili za kuvukia. Watoto wa shule walipita hapo asubuhi na mchana. Kila masika mbao zilichukuliwa na maji, tukaweka nyingine. Mwaka 2016 mtoto wa darasa la pili aliteleza, akaokolewa na kijana wa bodaboda aliyejitosa na viatu vyake. Mkutano wa mtaa ukaitwa, tukakubaliana kujenga kivuko cha zege. Kila nyumba ichange shilingi 5,000. Ikaundwa kamati ya ujenzi ya watu saba, na mimi nikiwamo.

Ilipofika Februari 2017 tulikuwa tumekusanya shilingi 1,150,000. Kuta mbili zilishasimama, lakini pesa ya nondo na saruji ya kumwaga zege la juu ilikuwa imekwisha. Masika ilikuwa mlangoni. Fundi akatuambia kuta zikipigwa na mvua zikiwa hivyo, tutaanza upya. Michango ilikuwa imekauka. Kwenye kamati wote wakanigeukia, wakasema, "Mama, wewe una sanduku."

Mwenzenu nikajiona mkubwa. Alhamisi jioni nikawaita wale watatu wenye funguo nyumbani kwangu. Nikawaambia tunahitaji shilingi 400,000 za mfuko wa jamii, zitarudi baada ya wiki mbili. Mmoja aliniuliza, "Mkutano je?" Nikamjibu mvua haingoji mkutano. Wakafungua. Walifungua kwa kuniheshimu, nami heshima ile niliitumia vibaya.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Kivuko kilimwagwa zege, kikasimama, watoto wakapita, mimi nikapongezwa. Pesa haikurudi. Na mwezi wa Aprili, mwenzetu mmoja ambaye ni fundi cherehani, mtoto wake akazidiwa usiku, akalazwa. Alfajiri alikuja kwetu kuomba mfuko wa jamii kama katiba inavyosema. Tukafungua sanduku. Kwenye kile kitambaa chekundu cha mfuko wa jamii kulikuwa na shilingi 23,500.

Alikwenda akauza cherehani yake kwa bei ya kutupa. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, na leo yuko hapa anatusaidia kupanga viti. Lakini siku ya mkutano mama yake alisimama akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alisema, "Mama Mwenyekiti, kivuko nimekiona, ni kizuri, na mwanangu atapita juu yake. Lakini cherehani yangu imetangulia kuvuka."

Akakaa. Hakulia wala hakutukana. Bora angetukana.

Nilijaribu kujitetea kwamba nilifanya kwa faida ya mtaa. Bibi mmoja mwenye umri kunizidi, ambaye hajui kusoma, akanikata. Akasema, "Mwanangu, mtaa ni mkubwa, lakini pesa hii ilikuwa na wenyewe. Ungetuuliza tungekupa. Hukutuuliza, umetunyang'anya hata thawabu ya kutoa." Nilinyamaza hapo. Mkutano ukanitoza faini ya katiba, ukanisimamisha uenyekiti kwa mzunguko mzima. Wako waliosema ni adhabu kubwa. Mimi nasema ilikuwa saizi yangu. Mwaka ule nilikaa kwenye mkeka kama mwanachama wa kawaida, nikajifunza kuhesabu upya.

JINSI PESA ILIVYORUDI

Deni lilibaki pale pale. Tukauliza kamati ya ujenzi, pesa za watu zimekwenda wapi? Ilinunuliwa mifuko 32 ya saruji. Fundi alionyesha alikotumia 26. Mifuko sita haikuwa na maelezo. Sisemi kuna mtu aliiba. Ninasema hakuna aliyeandika, nami nilikuwa mmoja wa wasioandika. Na pasipoandikwa, mwizi na mtu mwema wanafanana.

Yule mweka hazina wetu akatoa wazo. Akasema tufanye kama tunavyofanya kwenye sanduku, ila tufanyie nje. Tukaomba ruhusa ofisi ya mtaa, tukachukua ubao wa plaiwudi, tukaupaka rangi nyeusi, tukautundika ukutani pa ofisi. Tukaandika kwa chaki: zilizokusanywa, zilizotumika, saruji mifuko 32, iliyotumika 26, isiyojulikana 6, deni kwa kikundi cha akina mama shilingi 400,000. Hatukuandika jina la mtu.

Wajumbe wawili hawakupenda. Wakasema tunaudhalilisha mtaa. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule alikaa kimya siku nzima, kisha akasema, "Uacheni."

Watu wakawa wanasimama kusoma. Wasiojua kusoma wakasomewa. Na ajabu ikawa hii: wale waliokuwa wamegoma kuchanga wakaanza kuja. Mzee mmoja muuza mkaa alileta shilingi 10,000, akasema elfu tano yake na elfu tano ya mpangaji wake. Nikamuuliza, mzee, mbona mwanzo ulikataa? Akanijibu, "Mwanzo niliitwa nitoe. Leo nimeonyeshwa." Kila Ijumaa tulifuta ile namba ya deni tukaandika nyingine ndogo. Mpaka Septemba 2017 ikasomeka sifuri. Mfuko wa jamii ulijaa tena, na kikundi kwa kauli moja kikamnunulia mwenzetu cherehani ya mkono wa pili. Si ile yake, ile ilishakwenda, lakini inashona. Sare tulizovaa leo zimeshonwa nayo.

Na mvua kubwa za Aprili 2018, zilizofurika mabonde ya jiji hili, maji yalipita juu ya kivuko chetu. Yalipopungua, kivuko kilikuwepo.

NILICHOKIONA HANANASIF

Kuna jambo nilipaswa kulikumbuka mapema, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa ninalijua. Mwaka 1994 nilipokuwa binti mwenye mtoto mmoja mgongoni, niliishi Hananasif. Huko nako ni bondeni, kando ya bonde la Msimbazi, na mafuriko yalikuwa mgeni wa kila mwaka. Ulianza mradi wa kujenga mifereji na njia kwa nguvu kazi ya wakazi wenyewe, ukisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wakazi walikuwa na chama chao cha maendeleo, wakachanga sehemu ya gharama, na chama ndicho kilichopewa kazi. Wanawake tulibeba mawe na kokoto sawa na wanaume.

Ninachokumbuka zaidi ni daftari. Jioni karani alisimama juu ya rundo la mchanga akaita majina, kila mtu akasikia fulani kafanya siku ngapi. Ukiitwa na hukuwepo, wenzako wanasema hakuwepo. Nilikuwa kijana, nikaona ni usumbufu, miguu inauma nataka kwenda kupika. Sikujua kwamba mfereji unajengwa kwa yale mawe pamoja na yale majina yanayosomwa jioni. Nilikuja kulielewa miaka zaidi ya ishirini baadaye, mbele ya kitambaa chekundu.

TULIPO SASA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu wakati ule kikundi kina kanuni za kuchangia kazi za mtaa. Nazisoma hapa ili na vikundi vingine vikipenda vizichukue, hatudai malipo:

Moja, mfuko wa jamii haugusiki kwa kazi ya mtaa, hata kama mvua inanyesha. Kazi ya mtaa ina mfuko wake mdogo wa shilingi 200 kwa wiki kwa kila mwanachama, kwenye kitambaa cha kijani.

Pili, pesa ya mtaa inatoka kwa kura ya mkutano, na anayeiomba anakuja mwenyewe kueleza, awe mjumbe au awe nani.

Tatu, vifaa vinapokelewa na watu wawili wasio ndugu, vinaandikwa siku ile ile, na fundi anasaini alichotumia.

Nne, mapato na matumizi yanaandikwa ubaoni na yanasomwa kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa.

Tano, mwenyekiti hana ufunguo.

Kwa kanuni hizo tumechangia madawati ya shule, tumetengeneza kifuniko cha mtaro mbele ya zahanati, na mwaka 2020 wakati wa korona tuliweka ndoo za kunawia kwenye magenge sita. Mwaka 2022 wakati wa zoezi la anwani za makazi, wanachama wetu walizunguka na vijana wa zoezi kuwaonyesha vichochoro, maana huku kwetu nyumba iko nyuma ya nyumba iliyo nyuma ya nyumba. Leo gari la wagonjwa au zimamoto likiuliza, tuna namba ya kuwatajia.

Tulisajiliwa kwa kufuata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Tulikopa mara moja kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, na tukarejesha yote. Mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, tulisikitika lakini hatukushangaa. Tulishajua pesa isiyofuatwa na daftari huishia wapi. Ilirudishwa mwaka 2024, na tunashukuru.

Vilevile tunashukuru kwa mradi wa DMDP ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliojenga barabara na mifereji mikubwa ya jiji, ukiwamo mto wetu Ng'ombe. Lakini akina mama, msidanganyike. Mfereji mkubwa wa serikali unapokea maji yaliyoletwa na mtaro mdogo wa kwako. Wa kwako ukiziba, maji yatalala chumbani kwako huku mfereji mkubwa uko mkavu. Serikali ina sehemu yake na sisi tuna yetu.

MAOMBI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu, na hakuna hata moja la kuomba pesa.

La kwanza, gari la taka. Guta zetu zinafikisha taka mahali pa kukusanyia, lakini gari likichelewa siku kumi, mbwa na mvua vinazirudisha. Tunaomba ratiba iliyoandikwa, na namba ya kupiga likikosekana.

La pili, saa za mikutano ya mtaa. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, mama wa genge hawezi kuja, mama lishe hawezi kuja, fundi cherehani hawezi kuja. Halafu inaandikwa kwamba wananchi walikubali. Wananchi gani? Tunaomba mikutano iitwe Jumapili alasiri, na tangazo libandikwe wiki moja kabla.

La tatu, ubao. Ule wa plaiwudi umeoza. Tunaomba ofisi ya mtaa iwe na ubao wa kudumu wa mapato na matumizi, wenye kioo na kufuli. Chaki tutaleta sisi.

KWA WANACHAMA WENZANGU

Namalizia na nyinyi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, wanachama wetu wawili waligombea ujumbe. Mmoja alipata, mmoja hakupata. Aliyepata, tunamwambia tulivyomwambia siku ile: umekwenda kule na tabia ya sanduku, usirudi kwetu na tabia nyingine. Asiyepata, kapu lako la daftari bado tunalihitaji.

Najua wako wanaonong'ona kwamba ile mia mbili ya kitambaa cha kijani ifutwe, kwamba sisi ni kikundi cha akiba na si manispaa. Jambo hili liko kwenye ajenda ya mkutano wetu ujao. Sitawalazimisha, na nilishajifunza kutolazimisha. Nitapiga kura yangu moja kama wengine. Ila kabla hamjanyoosha mikono, nawaomba mtembee mpaka kwenye kivuko saa saba mchana, watoto wanapotoka shule. Mkae pale robo saa. Halafu mwende kwa mwenzetu fundi cherehani mumuulize yeye anasemaje, maana katika sisi sote yeye ndiye mwenye haki ya kusema mia mbili ifutwe. Mimi nilimuuliza wiki iliyopita. Jibu lake atalitoa mwenyewe mkutanoni.

Na jambo la mwisho. Mwezi ujao mzunguko unakwisha, nami sitagombea tena uenyekiti. Si kwamba nimechoka wala hatujagombana. Miaka kumi imetosha, na wako wasichana humu waliozaliwa mwaka nilioolewa, wanaohesabu kwa simu haraka kuliko mimi kwa vidole. Nitakaa kwenye mkeka. Nilishakaa mwaka mmoja kwa adhabu, sasa nitakaa kwa hiari. Na nitakuwa nauliza kila wiki, kwa sauti, tuliacha shilingi ngapi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wageni wetu, majirani mliotuchangia viti, turubai na vyungu, wazazi wenzangu, Mungu awabariki. Chakula kipo, kimepikwa na akina mama, na gharama zake zimeandikwa pale mlangoni.



Akina mama, hoyee!